Faili lipo, kompyuta inasema halipo

Ilikuwa baada ya sala ya Ishaa, Chake Chake, dukani kwa ami yangu. Anauza vifaa vya ujenzi: saruji, mabati, nondo, misumari, rangi. Kompyuta yake ya zamani ilikufa wiki ileile, na mimi nilikuwa nimevuka kutoka Unguja na mpya mkononi. Nikaifungua ya zamani, nikachomoa diski, nikanakili vilivyokuwemo. Kilichotakiwa hasa ni faili moja: programu ya daftari la madeni, ambayo duka limeishi nayo tangu 2007. Nikaliona faili kwenye orodha, ukubwa wake uleule. Nikaandika amri ya kuliendesha. Kompyuta ikajibu kwamba hakuna faili wala saraka ya jina hilo.

Nikaorodhesha tena: lipo. Nikaendesha tena: halipo.

"Lipo au halipo?" Ami aliuliza.

"Lipo, Ami."

"Basi mbona inakukatalia, mwanangu?"

Jibu nililipata karibu na alfajiri. Programu ile ilikompailiwa, yaani iligeuzwa kuwa lugha ya mashine, kwa ajili ya kompyuta za biti 32, zile za kizazi cha zamani. Kwenye Linux, mfumo endeshi tunaoutumia, mwanzoni mwa faili la programu ya namna hiyo pameandikwa njia ya programu nyingine ndogo, kipakiaji, ambacho kazi yake ni kuiingiza programu kwenye memori na kuiunganisha na maktaba inazozihitaji. Kwa programu za biti 32 za wakati ule njia hiyo ni /lib/ld-linux.so.2. Mashine mpya ilikuwa na mfumo endeshi wa biti 64 mtupu, na kipakiaji hicho hakikuwekwa. Kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, ilisoma jina lake ndani ya faili la Ami, ikaenda kukitafuta, ikakikosa, ikarudisha namba ya kosa ambayo maana yake ni "halipo". Haikusema ni kipi kisichokuwepo. Daftari lilikuwepo muda wote.

Nikanunua bando, nikashusha maktaba za biti 32, nikaziweka. Daftari likafunguka na madeni yote ndani, kuanzia mteja wa kwanza wa 2007.

Kwa asiyeishi Pemba, niseme daftari hilo ni kitu gani. Mkulima anachukua mabati leo, analipa karafuu zikitoka. Msimu hauji sawa kila mwaka. Mikarafuu huzaa kwa wingi mwaka mmoja, ikapumzika miaka mingine, na deni hukaa pamoja na mikarafuu likisubiri. Ami hamwandikii mtu barua ya kumdai. Anajua, na mwenzake anajua, na daftari linajua. Likipotea, linapotea neno walilopeana watu wawili, na mmoja wao huenda keshafariki na deni liko kwa wanawe.

Aliyeiandika programu ni kijana wa mtaani kwetu, wakati ule mwanafunzi. Sasa yuko Oman na ana shughuli nyingine kabisa. Nilimpigia simu. Alifurahi mno kusikia kwamba kazi yake bado inatumika, kisha akanyamaza nilipomuuliza msimbo chanzo, yaani maandishi asilia ya programu, uko wapi. Laptopu iliyokuwa nao iliharibika miaka mingi nyuma, na nakala hakuweka. Kilichobaki cha kazi ile ni faili moja la binari, yaani lile lililokwisha kukompailiwa, halifiki kilobaiti mia.

Tangu usiku ule nimekuwa nikiwaza juu ya ahadi ambazo mfumo endeshi unazitoa kwa programu zinazoishi juu yake, na anayeahidiwa ni nani.

Katika fani yetu neno linaloheshimiwa ni viwango. Mfumo unaofuata viwango husifiwa, usiovifuata hulaumiwa, na mimi mwenyewe nimesomeshwa hivyo. Kiwango kikubwa katika upande huu ni POSIX, kilichotolewa na IEEE, jumuiya ya wahandisi wa umeme na elektroniki, mwaka 1988. Jina lake lilipendekezwa na Richard Stallman, mwanzilishi wa mradi wa programu huria wa GNU. Kilikuja kwa haja ya kweli. Miaka ya 1980 kila kampuni ilikuwa inauza toleo lake la mfumo endeshi wa Unix, na programu iliyoandikwa kwa hii ilikuwa haikai vizuri kwenye ile. Walioandika POSIX hawakubuni mfumo mpya. Waliandika yale ambayo Unix mbalimbali zilikuwa zikiyafanya tayari, na pale zilipotofautiana wakachagua.

Wasemaji wa Kiswahili tunaijua kazi ya namna hiyo. Mkutano wa Mombasa wa 1928 ulikichukua Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu, na kamati ya lugha iliyoanza 1930 ikashika kazi ya kusawazisha tahajia na vitabu. Mimi niliyelelewa kwa Kipemba nilifundishwa skuli kwamba kwenye karatasi ya mtihani ni sanifu. Nikirudi nyumbani bibi yangu alinisemesha kama alivyosemeshwa yeye, na hakuna mwalimu aliyekuja kumkataza. Hata POSIX imewekewa nafasi ya nyumbani na ya mtihani. Kiwango kinataka amri za df na du zihesabu nafasi ya diski kwa vipande vya baiti 512. Watu wa mradi wa GNU waliona binadamu anaelewa zaidi vipande vya 1024, wakafanya hivyo kuwa kawaida, na anayetaka usanifu kamili anawasha kigezo kiitwacho POSIXLY_CORRECT. Huo, kwangu mimi, ni uamuzi wa watu wenye heshima kwa pande zote mbili.

Lakini POSIX, kwa wema wake wote, isingeweza kumsaidia Ami, kwa sababu ni kiwango cha msimbo chanzo. Inasema kuna kazi inaitwa write, inayopokea namba ya faili lililofunguliwa, mahali data ilipo, na idadi ya baiti. Haisemi programu ikishakompailiwa itaiitaje kerneli ili kazi hiyo ifanyike. Na binari haijui majina, inajua namba. Kwenye Linux ya x86 (vichakato vya ukoo wa Intel) ya biti 32, write ni wito namba 4, na exit, wa kumaliza programu, ni namba 1. Kwenye x86 ya biti 64, write ndiyo namba 1, na exit ni 60. Namba ileile moja, kwa huyu ni "andika" na kwa yule ni "ondoka". Kerneli ya biti 64 inabeba majedwali yote mawili, na inajua lipi la kulisoma kwa mlango ambao programu imeupitia. Mifumo yote miwili inaweza kufuata POSIX neno kwa neno. Kiwango hakijavunjwa popote, na bado programu ya huyu ikipelekwa kwa yule peke yake haitasogea hatua moja.

Na si namba tu. Kuna rejista gani, yaani kihifadhi kidogo ndani ya kichakato, inabeba kitu gani, kila aina ya data ina baiti ngapi, na ndani ya muundo mmoja sehemu zimepangwa vipi, ipi inaanza baiti ya ngapi. Mwenye chanzo hana haja ya kuyashughulikia haya. Anakompaili upya, na kompaila inasoma mafaili ya vichwa ya mfumo mpya na kupanga kila kitu upya. Asiye na chanzo ana kile kilichogandishwa siku ya kukompailiwa. Kwake yeye kiwango ni makubaliano ya watu wengine. Ahadi inayomgusa ni moja tu: kwamba binari ya jana itaendeshwa kesho. Uoanifu wa binari.

Nikitazama visiwa hivi, wasio na chanzo ni wengi kuliko wenye nacho. Mashine ya maabara iliyokuja kwa msaada na programu yake kwenye sidii. Programu ya ripoti za wanafunzi iliyoandikwa na mfanyakazi wa kujitolea akarudi kwao. Mizani yenye kompyuta, mlango wa hoteli wenye kadi, mashine ya kuchapa lebo. Mtu akisema "kompailini upya" anazungumza na watu walio upande wake wa bahari.

Ndiyo maana naipenda sana kanuni moja ya Linux, na naipenda kama mtu aliyenufaika nayo: kerneli haivunji programu za watumiaji. Mabadiliko yakiifanya programu iliyokuwa ikifanya kazi iache kufanya kazi, kosa ni la kerneli, si la programu. Desemba 2012 Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, alimkaripia hadharani mmoja wa watunzaji wa kerneli kwa jambo hilohilo. Badiliko lilikuwa dogo: wito mmoja wa kuongoza vifaa ulianza kurudisha namba tofauti ya kosa, na programu zilizokuwa salama zikaharibika. Mtunzaji aliona programu ndizo zenye kasoro. Namba yenyewe iliyozua ugomvi ni ENOENT, ileile niliyokutana nayo dukani kwa Ami, ile ya "halipo", ambayo ni ya mambo ya njia na majina ya mafaili na haikuwa na kazi pale. Maneno ya Torvalds siku ile yalikuwa makali kupita kiasi, na mwaka 2018 aliomba radhi kwa jumla juu ya mwenendo wake huo. Ukali sikubaliani nao. Kanuni nakubaliana nayo yote.

Kanuni hiyo ina upande wa busara pia. Uvunjaji unahesabika pale anapokuwepo mtu wa kuuona. Mwaka 2022 kerneli iliacha kuendesha muundo wa zamani wa binari uitwao a.out, uliotumika kabla ya muundo mwingine, ELF, kushika nafasi miaka ya 1990. Kwanza waliuliza kama yupo anayeutumia bado. Kuuliza kwanza: adabu hiyo ningependa iwe kila mahali.

Sasa niseme lililonigusa zaidi, kwa sababu linahusu umeme.

Pemba tulipata waya wa umeme wa kupita chini ya bahari kutoka Tanga mwaka 2010. Kabla yake tulikuwa tunategemea majenereta ya dizeli, na umeme kukatika lilikuwa jambo la kila siku kama kuadhiniwa. Kijana aliyeandika daftari la Ami aliandika ndani ya hali hiyo. Najua, ingawa chanzo chake sijakiona, kwa sababu niliiendesha programu nikiwa nimewasha strace, chombo kinachokuonesha kila wito ambao programu inaupeleka kwa kerneli. Ni kama kukaa barazani ukasikiliza mazungumzo ya ndani. Kila Ami alipoingiza deni nikaona write, na mara baada yake fsync, kila mara, bila kuacha. Fsync ni kumwambia mfumo: usiniambie umepokea, niambie imeshafika kwenye diski. Bila hiyo, data inaweza kukaa kwenye memori kwa muda, na umeme ukikatika imekwenda. Mwanafunzi yule alikuwa ameshapoteza vitu vya kutosha kwa giza.

Wengi duniani hawakuwa na sababu ya kujifunza hilo. Mfumo wa mafaili wa ext3, uliokuwa wa kawaida kwenye Linux wakati ule, kwa mipangilio yake ya kawaida ulipeleka data diskini kila baada ya sekunde kama tano, kwa hiyo hata programu isiyoita fsync ilikuwa salama kwa kiasi kikubwa. Ikaja ext4, iliyotangazwa kuwa tayari kwenye kerneli 2.6.28 mwishoni mwa 2008. Hii huchelewesha kuigawia data nafasi kwenye diski ili iipange vizuri zaidi, na kuchelewa huko kukafika nusu dakika au zaidi. Mapema 2009 watu wakaanza kulalamika: kompyuta inazima ghafla, wakiiwasha wanakuta mafaili ya mipangilio yao yana baiti sifuri. Programu zao zilikuwa na desturi ya kuandika faili jipya kisha kulibadilisha jina lichukue nafasi ya la zamani. Jina jipya lilifika diskini. Yaliyomo hayakufika.

Theodore Ts'o, aliyeongoza ext4, alieleza kwamba POSIX inaruhusu hivyo, na ni kweli inaruhusu. Anayetaka hakika aite fsync. Kiwango kimeandikwa hivyo. Hoja yake haina tundu. Walioandika zile programu walikuwa wameegemea tabia ya ext3, si ahadi ya mtu yeyote. Lakini kilichofuata ndicho ninachokiheshimu: alisema kanuni, halafu akaandika kiraka, yaani marekebisho ya msimbo. Kufikia kerneli 2.6.30, mwaka huohuo, ext4 ilianza kuitambua desturi ile ya kubadilisha jina na kuiharakisha data yake kufika diskini. Kiwango hakikumlazimisha. Mafaili ya watu yalimlazimisha.

Mtu anaweza kuuliza, na wenzangu wameniuliza: kwa kulea makosa hivyo, si tunawafundisha watu kuandika ovyo? Huenda. Lakini anayeadhibiwa umeme ukizima si mwandishi wa programu. Ni mwenye faili.

Mwaka uliofuata likatokea jingine linalofanana nalo. Lugha ya C ina kazi mbili za kunakili memori: memcpy na memmove. Kiwango kinasema memcpy isitumiwe pale ambapo unakotoa na unakopeleka pamepandana. Kwa hali hiyo itumike memmove. Kwa miaka mingi, kwenye mashine nyingi, memcpy ilinakili kutoka mwanzo kwenda mwisho na aliyekosea aliweza asijue. Mwaka 2010 glibc, maktaba ya C inayotumika kwenye Linux nyingi, ikapata memcpy mpya yenye kasi, iliyokuwa wakati mwingine ikianzia mwisho kurudi mwanzo. Kwenye Fedora 14, mfumo mmojawapo wa Linux, watu wakafungua video kwa Flash, programu ya kampuni ya Adobe ya kuchezea video mtandaoni, na sauti ikatoka imekwaruzika. Flash ilikuwa imekosea tangu zamani. Kosa lilikuwa limelala tu. Na Flash ilikuwa binari iliyofungwa, chanzo chake hakuna mtumiaji aliyekuwa nacho.

Hapa pande mbili zilibishana kwa nguvu, na kila upande ulikuwa na ukweli wake. Mmoja ulisema: kiwango ni kiwango, Adobe warekebishe. Torvalds alikuwa upande wa pili: mtumiaji anasikia sauti mbovu, na kwake yeye mlichoharibu ni nyinyi. Suluhisho lililopatikana nimelipenda kuliko ubishi wenyewe. Glibc ina uwezo wa kuweka matoleo mawili ya kazi moja ndani ya maktaba moja, kila moja na alama yake. Kuanzia toleo la 2.14, programu iliyokompailiwa upya inapata memcpy mpya yenye alama ya GLIBC_2.14, na binari ya zamani inayotafuta alama ya zamani inapata tabia ya memmove, ya upole, isiyodhuru. Mpya anapewa kasi, mzee anapewa alichokizoea, na wote wanakaa nyumba moja. Kwa njia kama hiyo gets, kazi ya hatari iliyofutwa kabisa kwenye kiwango cha C cha 2011, bado ipo ndani ya maktaba kwa ajili ya binari za zamani, ingawa huwezi tena kuikuta unapoandika programu mpya kwa kiwango hicho.

Wengine wameuweka mpaka mahali pengine. Apple hawaahidi namba za miito ya kerneli hata kidogo. Wanaahidi maktaba yao ya mfumo, na lililo chini yake ni lao kulibadilisha. Mwaka 2016, macOS Sierra ilipotoka, programu zilizokompailiwa kwa lugha ya Go zikaanza kuanguka, kwa sababu Go ilikuwa inaiita kerneli moja kwa moja kuulizia saa, na wito huo ulikuwa umebadilika. Baadaye Go walikubali kupita kwenye maktaba. Sina ugomvi na mpango huo; mpaka ukitangazwa wazi ni mpaka. Microsoft nao huweka ahadi kwenye maktaba zao, na wamekwenda mbali: Windows 95 ilikuwa na sehemu maalumu ya kuutambua mchezo wa SimCity, ambao ulikuwa unasoma memori uliyokwisha kuirudisha, na ukitambuliwa, ugawaji wa memori unabadilika ili mchezo usife.

Yote haya nilikuwa nikiyaamini kwa moyo mweupe mpaka Ami aliponionesha karatasi.

Mbali na madeni, programu ile inaweka pia mikataba ya kukodisha. Ami ana ghala, na Machi 2024 alimkodisha mfanyabiashara mwenzake kwa miaka 15. Programu ikachapa mkataba: unaanza 1 Machi 2024, unamalizika Januari 1903.

"Hii ni zama za Sayyid Ali bin Hamoud," Ami alisema, akimtaja sultani wa Zanzibar wa enzi hizo, na hakucheka. Karatasi ilikuwa isainiwe mbele ya mashahidi.

Unix huhesabu wakati kwa sekunde tangu 1 Januari 1970. Kwenye mifumo ya biti 32 hesabu hiyo iliwekwa kwenye namba ya biti 32 yenye alama (ya chanya au hasi), ambayo ukomo wake ni 2,147,483,647. Sekunde hiyo itafika Jumanne, 19 Januari 2038, na kwa saa zetu itakuwa saa 12 na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi, jua ndio kwanza linatoka. Sekunde inayofuata namba inapinduka kuwa hasi, na tarehe inarudi Desemba 1901. Daftari la Ami halikungoja 2038. Lilichukua tarehe ya kuanza, likajumlisha sekunde za miaka 15, likavuka ukomo leo hii.

Na hapa ndipo ahadi mbili zinapogongana kweli, kwa sababu huwezi kuipanua tarehe bila kubadilisha ukubwa wake, na ukubwa wake umegandishwa ndani ya kila binari. Toleo la POSIX la 2024 linataka aina ya data ya wakati, time_t, iwe na biti 64 au zaidi. Mfumo wa biti 32 unaotaka kukifuata kiwango hicho lazima ubadilike, na ukibadilika, binari ya zamani inayotarajia baiti nne itapewa nane.

Miradi mitatu ya mifumo endeshi imechagua njia tatu. NetBSD 6.0, mwaka 2012, iliongeza miito mipya yenye wakati wa biti 64 na ikaiacha ya zamani pembeni, ili binari za zamani ziendelee. OpenBSD 5.5, mwaka 2014, ilikata kamba: kila kitu biti 64, binari za zamani basi, kompailini upya. Wao wanaweza, maana wanajenga mfumo wao wote pamoja kutoka kwenye chanzo, na nauheshimu ujasiri huo, ila nikimweka Ami mbele yake naona hauna nafasi yake. Linux ilikwenda polepole. Kerneli ya biti 32 ilipata miito mipya ya wakati, kazi ikakamilika kwenye toleo la 5.6 la 2020, na miito ya zamani ikabaki palepale.

Debian, wanaotengeneza mfumo mmojawapo wa Linux, ndio walionikaa moyoni. Mwaka 2024 walihamisha mifumo yao ya biti 32, kama ile ya vichakato vya ARM, kwenda kwenye wakati wa biti 64, kazi ya kukompaili upya maelfu ya vifurushi. Lakini i386, yaani x86 ya biti 32, waliiacha makusudi na wakati wake wa zamani. Sababu yao: kazi kubwa iliyobaki ya i386 ni kuendesha binari za zamani zisizo na chanzo, na kuibadilisha ni kuziua hizo hizo. Waliamua kwa ajili ya watu kama ami yangu. Na kwa uamuzi huohuo, programu zile zimewekwa hai mpaka asubuhi ya Jumanne ile, si zaidi.

Nililiwaza hili siku nyingi na sioni kwamba walikosea. Wangebadilisha, binari zingekufa 2024. Hawakubadilisha, watu wamepewa miaka 14 ya kuhamisha vitu vyao. Mfumo endeshi ukiweza kumnunulia mtu muda, umefanya mengi. Kinachonisumbua ni kwamba hakuna anayemwambia mwenye duka wa Chake Chake kwamba muda ule umenunuliwa na una mwisho.

Kwa hiyo nilikaa wiki mbili. Faili la data halikuwa gumu. Kila deni lilikuwa na upana uleule, baiti 96: jina, mtaa, kiasi, na mwishoni baiti nne za tarehe, ndogo ikitangulia. Nilimwomba Ami aingize deni la majaribio lenye tarehe niijuayo, nikatazama ni baiti zipi zimebadilika, na kwa njia hiyo nikalisoma daftari zima. Nikaandika programu mpya yenye tarehe za biti 64. Fsync sikuiondoa. Tukalinganisha deni moja moja, Ami akisoma kwenye skrini ya zamani na mimi kwenye mpya, na mara mbili akasimama, akataja jina, akasema, "Huyu Mungu amrehemu, wanawe walilipa," akaendelea.

Mkataba wa ghala ukachapwa tena: unamalizika 28 Februari 2039.

Siku ya kuondoka nilimweleza kwamba safari hii chanzo kipo. Kiko kwangu Unguja, kiko kwenye kompyuta yake, na kiko kwenye flashi ndani ya bahasha. Akaniuliza kama kinaweza kuandikwa kwenye karatasi. Nikamwambia kinaweza, ni maandishi kama maandishi mengine. Akaniambia nikichape. Zilitoka kurasa 38. Akazipanga, akazitoboa kwa misumari ya duka lake mwenyewe, akazifunga kwa uzi, akazitia kwenye sanduku la bati pamoja na hati ya nyumba na hati ya shamba la mikarafuu la babu, akalifunga kwa ufunguo.